Msafiri wa Kivu na Aanzie Mji Mkongwe

Iko katika kusini ya Ufaransa miji ambayo mtoto wa Goma aliyesomeshwa kwa Kifaransa huisikia kwa majina kabla hajawahi kuvuka hata mpaka wa Gisenyi: Avignon, ambayo daraja lake lililobakiwa na matao manne huimbwa na watoto wadogo wasiojua liko upande gani wa dunia, na ambayo tangu mwaka 1309 hata 1377 ilikuwa makao ya Mapapa, Arles, yenye uwanja wa michezo uliojengwa na Warumi, na Montpellier, ambayo chuo chake cha uganga kilipewa kanuni zake mwaka 1220 na kingali kikifundisha hata leo. Jamaa zetu waliojaaliwa kufika huko husifu mambo mengi wakirudi, lakini aghalabu husifu jambo moja kuliko yote, nalo ni kwamba katika miji ile mtu huliacha gari nje ya mitaa ya kale, akaingia kwa miguu yake, na kwa muda wa asubuhi moja akawa amepita katikati ya karne nyingi bila ya kuharakishwa na mtu. Sifa hiyo ni ya haki, wala sina nia ya kuikanusha. Nia yangu ni kuwaambia wasomaji wa mji huu, ambao hupenda safari na huziwekea akiba kwa miaka, kwamba mji wa kwanza wa namna hiyo kuonwa na mtu wa Kivu haupasi kuwa Avignon. Unapasa kuwa Mji Mkongwe wa Unguja.

Sisemi hivi kwa ajili ya nauli, ingawa tofauti ya nauli ni kubwa, wala kwa ajili ya viza ya Ulaya, ambayo kila aliyewahi kuiomba anazijua taabu zake. Hata kama nauli zingelingana na milango yote ingekuwa wazi, rai yangu ingebaki hii hii. Avignon humfundisha mtu wa Goma tarikhi ya watu wengine, na kuijua ya wengine ni jambo jema. Lakini Unguja ni mji wa ng'ambo ambao ndani ya nyumba zake na katika masoko yake mambo yetu sisi wa mashariki ya Kongo yalinenwa, yakapimwa, yakauzwa, na hata yakatiwa sahihi, ilhali sisi wenyewe hatukuulizwa. Aendaye huko haendi kutazama ya kigeni. Anakwenda kusoma nusu ya pili ya habari ambayo nusu yake ya kwanza aliisikia kwa babu yake.

Lakini na tuanze na miguu, maadamu ndiyo asili ya sifa za miji hii yote. Mji Mkongwe umekaa juu ya rasi ndogo upande wa magharibi wa kisiwa, na eneo lake lote, lililotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ni takriban hekta 96 tu, hata mtu wa afya ya kawaida aweza kuukata toka Malindi hadi Vuga kwa mwendo wa nusu saa ikiwa hatapotea njia. Na kupotea atapotea, wala asihuzunike, kwa kuwa bahari iko pande mbili na barabara kubwa ya Darajani iko upande wa tatu, na kichochoro chochote akifuatacho kwa subira kitamtoa mahali panapojulikana. Vichochoro hivyo havikupigwa kamba na mpimaji yeyote. Vilizaliwa na nyumba zenyewe, kila aliyejenga akawaachia wapitao nafasi ya kupishana watu wawili, au punda na mzigo wake, na ikawa hiyo ndiyo njia. Matokeo yake ni hekima ambayo wahandisi wa leo huitafuta kwa gharama kubwa: kuta ndefu zilizokaribiana hutiliana kivuli mchana kutwa, jua halifiki chini ila saa ya adhuhuri, na upepo wa baharini huingia katika uwazi ule mwembamba ukapita mpaka ndani kabisa ya mji. Gari haliwezi kuingia ila pembeni. Pikipiki zipo, na wenye nazo hupita wakipiga honi penye kona, lakini mwenye njia pale ni mwenda kwa miguu, na kila mtu anajua hivyo.

Mtu wa Goma atalihisi jambo hili mwilini kabla hajalitia akilini. Mji wetu ni mji wa barabara pana zilizokatwa na serikali ya kikoloni, kisha zikafunikwa na vumbi jeusi, na mwenye kutembea humo hutembea kwa hadhari, akiwapisha wamotari upande huu na malori upande ule, na kuwaachia njia vijana wa chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili, washukao na magunia ya makaa au viazi bila breki ya kutegemea ila kisigino na maarifa. Birere peke yake, kwa msongamano wake wa maduka na njia zake zilizobanana karibu na mpaka, humpa mtu fununu ya mji uliojengwa kwa kipimo cha mwili wa binadamu. Huko Unguja fununu hiyo ni kanuni ya mji mzima.

Na kando ya kuta hizo kuna mabaraza. Ni viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na nyumba yenyewe, mbele ya mlango, na juu yake watu hukaa jioni wakinywa kahawa chungu kwa kashata, wakicheza bao au dhumna, wakisikiliza taarifa ya habari na kuipinga papo hapo. Iko njia panda moja, iitwayo Jaws Corner, ambapo muuza kahawa na mdila wake wa shaba huzungukwa na wazee na vijana wa mitaa ya jirani, na siasa ya visiwa huchambuliwa hapo kwa ustadi ambao hauonekani katika mabunge mengi. Mvua kubwa ikinyesha na kichochoro kikageuka mto, mabaraza huwa ndiyo njia, na watu hupita juu yake toka nyumba hata nyumba. Mgeni akitoa salamu na kukaa, haulizwi anatafuta nini. Atasogezewa kikombe, na punde mtu atamwuliza kwa adabu, kwa sababu ya lafudhi yake, kama yeye ni wa Bara au wa mbali zaidi. Ajibu kuwa ni wa Goma, kisha asikilize, kwani pale ndipo ziara yake inapoanza kweli.

Nimependa siku zote kuzitazama nyumba za mji ule kwa jicho la fundi mwashi wa kwetu, nami nadhani wenzangu wa Goma watazitazama vivyo hivyo, kwa kuwa sisi ni watu wa mawe. Kuta zetu ni za lava ya Nyiragongo, mlima ulioshuka tarehe 17 Januari 2002 ukapita katikati ya mji na kufunika maduka, makanisa na nyumba za watu, kisha ukashuka tena Mei 2021 ukasimama karibu na mwanzo wa mitaa yetu. Na kila mara tumevunja jiwe lile lile lililotuunguza, tukajengea. Jiwe la Unguja limetoka baharini. Ni tumbawe, kitu kilichokuwa hai, kikafa, kikawa jiwe jeupe lenye vitundu, kikaunganishwa kwa chokaa iliyochomwa katika tanuu za kuni, na juu yake zikalazwa boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haina urefu wa kupita kiasi, vyumba vya nyumba kubwa kuliko zote ni vyembamba, vya hatua chache tu toka ukuta hata ukuta, ijapokuwa urefu wake wafaa kwa karamu. Hata tajiri aliyeweza kununua kila kitu alijengewa chumba kwa kadiri ya mti.

Sasa ukuta wa namna hiyo hutaka kutunzwa kwa chokaa, ambayo hupitisha unyevu na kupumua. Tangu watu walipoanza kuukarabati kwa saruji, wakidhani wanautia nguvu, unyevu na chumvi vimefungwa ndani, mawe yakalegea, boriti zikaoza kimyakimya. Ndipo utakapofahamu msiba wa Beit al-Ajaib, jumba adhimu lililojengwa na Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, mwaka 1883 mbele ya bahari, lenye roshani pande zote, ambalo lilitiwa taa za umeme na lifti wakati ambapo mahali pengi pa Afrika hapakuwa na habari hiyo, na ambalo lilistahimili hata mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla saa moja haijatimia. Lililoyashinda hayo yote halikuushinda uzito wa miaka bila matunzo ya kutosha: tarehe 25 Desemba 2020, lilipokuwa likikarabatiwa, upande mmoja ukaanguka na kuua mafundi. Natamani kila kijana wa Goma anayesomea ujenzi asimame mbele ya jumba lile aone jinsi jengo linavyokufa kutoka ndani, kwa maana nasi tunayo majengo machache ya zamani yaliyosalimika na lava na risasi, na hakuna anayeyahesabu.

Milango ya nakshi sitaieleza kwa kirefu, kwani imekwisha pigwa picha na dunia nzima. Msafiri atazame tu tofauti ya ile yenye vichwa vya mraba, ya desturi ya Waarabu na Waswahili, na ile ya matao, iliyoletwa na mafundi na matajiri wa Kihindi; aone mnyororo uliochongwa katika miimo na misumari ya shaba iliyopangwa safu kwa safu; kisha aendelee na safari yake, maana yaliyo mazito yako mbele, mtaa wa Mkunazini.

Hapo Mkunazini palikuwa na soko la watumwa. Leo pana kanisa kuu la Kianglikana, ambalo Waingereza wa misheni walianza kulijenga mwaka 1873, mwaka ule ule Sayyid Barghash alipolazimishwa kwa mkataba kulifunga soko. Ujenzi ulisimamiwa na Askofu Edward Steere, ambaye ndiye pia aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kuongoza kazi ya kutafsiri Maandiko, na amezikwa nyuma ya madhabahu. Husimuliwa kwamba madhabahu yenyewe imesimama mahali palipokuwa na nguzo ya kuwachapia watu. Nje, ndani ya shimo lililochimbwa ardhini, zimewekwa sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya mchongaji wa Sweden, Clara Sörnäs. Karibu yake wageni huonyeshwa vyumba vya chini, vyenye dari fupi, viitwavyo vyumba vya watumwa. Na wapo wanahistoria waonao kuwa jengo lile ni la baada ya soko kufungwa. Mimi nasema, vyumba viwe vya wakati wowote, ardhi ile ni ile ile, na yaliyotendeka juu yake hayana shaka.

Wengi waliouzwa hapo walitoka pande za Ziwa Nyasa, wakipitia Kilwa. Lakini wengine walitoka Manyema, nchi iliyo ubavuni mwetu, ambayo hadi mwaka 1988 ilikuwa pamoja nasi katika mkoa mmoja wa Kivu. Na hapa pana jambo ambalo katika shule zetu halifundishwi kama inavyostahili, nami ningependa mwalimu yeyote asomaye makala haya alichukue kesho yake darasani. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, siku ya gulio, watu wa misafara ya wafanyabiashara wa pwani waliwafyatulia bunduki wauzaji na wanunuzi, wengi wao wanawake waliokuja na samaki, vyungu na mafuta; wakauawa mamia, wengine kwa risasi na wengine kwa maji walipojitupa mtoni. David Livingstone alikuwapo akayaona kwa macho yake. Akaondoka akarudi Ujiji, Stanley akamkuta huko, na barua alizompa Stanley zilipofika Uingereza na kutangazwa mwaka 1872, zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha ghadhabu ya watu kule mpaka serikali yao ikamkaza Sultani wa Unguja afunge soko lake. Kwa hiyo msafiri wa Kivu asimamapo Mkunazini asidhani kwamba ukombozi ule uliletwa na huruma za ng'ambo peke yake. Damu ya wanawake wa Nyangwe ilikuwamo katika mkataba wa 1873, ijapokuwa hakuna aliyeyaandika majina yao. Ndani ya kanisa liko msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa. Ni sawa akumbukwe. Lakini wa Nyangwe watakumbukwa na nani, kama si na wale wanaotoka huko?

Kutoka hapo aende Shangani, ambapo pana nyumba aliyokaa Hamed bin Muhammad el-Murjebi, ambaye sisi tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Ni nyumba kubwa iliyochakaa, yenye mlango wa nakshi nzuri sana, na ndani yake huishi jamaa mbalimbali, wenye nguo zao juani na watoto wao ngazini. Basi mgeni asiingie bila idhini. Tippu Tip alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837, akaja kwetu kutafuta pembe, akajifanyia utawala Kasongo, na nguvu zake zikaenea Manyema yote na kupita. Mwaka 1887, katika mji huu huu wa Unguja, alipatana na Stanley, aliyekuwa akisema kwa niaba ya Mfalme Leopold, akakubali kuwa gavana wa Stanley Falls, ambayo leo ni Kisangani. Soma tena sentensi hiyo, ndugu msomaji. Nchi ya mito na misitu, yenye machifu wake na watu wake, ilipewa gavana katika chumba kimoja cha pwani, mbali sana, na watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyezaliwa ndani yake. Miaka michache baadaye mapatano yakavunjika, vita vya 1892 hadi 1894 vikazuka baina ya majeshi ya Leopold na wenzake Tippu Tip wa pwani, Kasongo ikaanguka mwaka 1893, na waliokufa wengi wao walikuwa ni watu wetu, wakipigana kwa amri ya hawa na ya wale. Tippu Tip mwenyewe alikuwa amekwisha kurudi kwao Unguja, akaandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na akafa hapo mwaka 1905. Kitabu chake kingalipo, nacho kinastahili kusomwa na kila mtu wa Kivu, kwa utulivu na kwa jicho kali, maana ni mojawapo ya tawasifu za kwanza katika lugha yetu na humo anatusimulia sisi kama mwenye mali asimuliavyo mali yake.

Yako pia mengine yaliyopita njia hiyo hiyo, nayo hayakuwa ya minyororo. Mwaka 1878 wale Mapadre Weupe wa kwanza waliotumwa na Askofu Mkuu Lavigerie waliteremka Unguja kutoka Ufaransa, wakavuka kwenda Bagamoyo, wakashika njia ya misafara, na Januari 1879 baadhi yao wakafika Ujiji. Na kutoka pwani ile ya Tanganyika ndipo Ukatoliki ulipovuka ziwa kuja upande wetu. Wapokeaji wao huko pwani walikuwa ni Mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, ambao katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa walijenga kanisa la Mtakatifu Yosefu, ambalo minara yake miwili huonekana juu ya mapaa ya Mji Mkongwe toka baharini. Watu wa mji husema ramani yake ilifuata ile ya kanisa kuu la Marseille, kwa hiyo atamaniye kusini ya Ufaransa ataionja kidogo hapo. Na lugha yenyewe ambayo mama wa sokoni Virunga anauzia maharagwe, ambayo askari, mchungaji na mganga wote huitumia, na ambayo Jamhuri yetu imeihesabu kuwa moja ya lugha zake nne za taifa, ilipanda kwa njia hiyo pamoja na shanga na baruti. Wahenga wa pwani walisema kwamba zumari ikipigwa Unguja huchezwa mpaka maziwa makuu. Sisi ndio watu wa maziwa. Tumeicheza kwa miaka mia na hamsini. Ni haki yetu kwenda kuwaona wapigaji, na kuwapigia yetu.

Najua nitajibiwa. Nitaambiwa kwamba kusema habari za matembezi katika mji ambao vita viliuingia Januari 2025, ambao una maelfu waliolala katika mahema na wazazi wasiojua watalipaje karo, ni kukosa haya. Jibu hilo nalipokea kwa taadhima, kwa kuwa limetoka mahali pa maumivu, na sitamwambia mtu aliyepoteza nyumba aende kutazama nyumba za wengine. Lakini na tuseme kweli: Goma haijaacha kusafiri hata siku moja. Wafanyabiashara wetu, na hususa akina mama, wamo katika mabasi ya Kigali kila juma. Wanakwenda Dar es Salaam, wanalala Kariakoo, wananunua vitenge, vyombo na vipuri, wanahangaika bandarini na makontena, na wanarudi. Wamefika mpaka ukingoni mwa bahari mara nyingi, na boti ya Unguja huondoka mbele ya macho yao na kufika kwa muda wa karibu saa mbili, ila hawakuivuka, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ng'ambo ile wana kitu chao. Kwao rai hii si anasa. Ni siku mbili zaidi katika safari ambayo imekwisha kulipiwa.

Tena dola yetu ilitia sahihi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na mpaka sasa ujamaa huo tumeuona zaidi katika hotuba na katika majeshi kuliko katika maisha ya raia. Ikiwa jumuiya ina maana, basi mwanafunzi wa tarikhi wa Goma na wa Bukavu apelekwe Unguja kama yule wa Arusha apelekwavyo Bagamoyo, na waongozao wageni Mkunazini wafundishwe kuitaja Nyangwe kwa jina. Wakuu wa shule zetu wanaweza kuanza hata bila nauli: kiko kitabu cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Peponi, na humo mna safari ya msafara uliotoka pwani ukapanda bara hata kwenye nchi za nyuma ya maziwa. Kisomwe Kivu na wasomaji wa Kivu, nao waseme ni wapi mwandishi ametuona na ni wapi hakutuona. Kadhalika wanamuziki wetu, ambao walituchezesha kwa ajili ya amani katika tamasha la Amani tangu 2014, wana jambo la kuwaambia wenzao wa Sauti za Busara, tamasha ambalo hufanyika kila Februari ndani ya Ngome Kongwe, ile iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno.

Atakayekwenda asiende wakati wa masika, Machi hadi Mei, kwa kuwa mvua ya pwani si kama ya kwetu, na vichochoro hujaa. Akienda mwezi wa Ramadhani ajue kuwa mchana mji umefunga, na asile wala asinywe njiani mbele ya watu; lakini usiku wake ni mzuri kuliko wa miezi yote. Ajisitiri kwa mavazi, awe na pasi yake ya safari mkononi anaposhuka boti, na aulizie mapema ofisi ya uhamiaji juu ya masharti ya kuingia, maana hubadilika. Siku ya kwanza atembee peke yake bila kiongozi, asubuhi na mapema, wauza mkate na wanafunzi wa chuoni wanapotoka. Siku ya pili atafute kiongozi mwenye kibali, tena ampe kazi: asimwambie nionyeshe mji, bali nionyeshe Kongo katika mji huu. Jioni aende bustani ya Forodhani, ale mishkaki au urojo, anywe juisi ya muwa, na awatazame vijana wanaojirusha baharini toka ukutani.

Na mwenye siku za ziada, hali ya usalama ikimruhusu, asirudi kwa basi la Kigali. Kutoka Dar es Salaam apande treni. Ile mpya iendayo Dodoma tangu mwaka 2024 ni ya haraka, lakini ile ya zamani, ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, ndiyo ipitayo Tabora na kufuata karibu hatua kwa hatua njia ya misafara, tena humrudisha mtu kuelekea kwao kwa mwendo wa kutosha kufikiri. Afikapo Kigoma aende Ujiji kwa miguu au kwa gari, apite chini ya miembe, aone jiwe la ukumbusho wa Livingstone, kisha aulize walipo wazee wa Kimanyema, kwa sababu wapo, na babu zao walivuka ziwa kutoka upande wetu, wengine kwa hiari na wengine kwa kamba. Ajitambulishe kwao kwa jina la baba yake na la kijiji chake, na awaulize wanakumbuka nini.